Kalenda na Kolekole Wake Kumi na Wanane

Mke wangu ni mtaalamu wa bahari anayetapika akipanda boti. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe angelificha, na mimi nimeshona nguo za watu kwa miaka ishirini na sita, najua kwamba ukianza kuficha mshono mmoja mbovu utaishia kuficha nguo nzima.

Ni mfupi, mwepesi wa kutembea, na huzungumza na samaki kwa sauti ileile anayozungumza nami, yaani ya kuamrisha. Kazini wanamwita Daktari. Bandarini wavuvi walimwita Kalenda, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Nyumbani ni mama wa binti zangu wawili, na ndiye mtu pekee ninayemjua anayekula samaki kisha akaipanga mifupa pembeni mwa sahani kama ilivyokuwa mwilini, kichwa kushoto, mkia kulia. Wageni huacha kula wakimtazama.

Tulikutana dukani kwangu. Alileta koti jeupe la maabara akitaka liongezwe mifuko. Nikamuuliza mingapi, akasema saba. Nikamwambia koti la mifuko saba si koti tena, ni kabati. Akanitazama juu mpaka chini.

"Fundi, kazi yako kushona au kusema?"

Nikashona. Mwaka uliofuata nikamwoa, na swali lake sijalijibu mpaka leo.

Kituo chao cha utafiti kiko mwisho wa barabara ya bandari. Ni nyumba ndefu ya bati yenye maabara ya meza za vigae vyeupe vilivyomeguka pembeni, na majokofu matatu yanayonguruma kwa zamu. Nyuma yake, chini ya paa la turubai, kuna tangi la zege la mviringo ambalo duka langu lote lingeingia humo na nafasi ikabaki. Ndani ya tangi hilo waliishi kolekole kumi na wanane. Kolekole ni samaki wa rangi ya fedha, mwenye nguvu, na paji lake la uso limebinuka kwa namna ya mtu aliyeamka na hasira. Mke wangu aliwatunza kwa miaka mitatu akiwa na lengo moja tu: watage. Wakitaga tangini, mayai yangeanguliwa, vifaranga vingelelewa kwenye vizimba, na watu wa pwani wangefuga kolekole kama wanavyofuga kuku, badala ya kuifuata bahari mpaka itoe samaki wa mwisho.

Hawakutaga. Kila Agosti na Septemba aliwachoma sindano ya homoni ya kuwahimiza, akakaa kando ya tangi akingoja, na kila mwaka alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyekosa basi. Mimi nikiwa na mdomo wangu usio na breki nilimwambia labda samaki wenyewe hawapendani. Siku hiyo nililala njaa, na nilistahili.

Hapo sharti nieleze habari ya miezi, kwa sababu ndiyo iliyompa jina la Kalenda. Miaka tisa kabla ya haya alianza kutengeneza jedwali la uzazi wa kolekole. Kila Jumanne kituo kilinunua kolekole ishirini sokoni. Yeye aliwapasua, akapima mayai, akaandika. Akawa mkali kuhusu jambo moja, nalo alilibandika ukutani kwa mwandiko wake mwenyewe: SAMAKI WAZIMA TU, WASIOPASULIWA. Maana samaki aliyekwisha kupasuliwa na mtu mwingine, utajuaje tumboni mwake mlikuwa na nini? Hata mimi fundi cherehani niliiona hekima yake. Jedwali likaonyesha kwamba mayai huanza Agosti, hukua Septemba, na ikifika Oktoba hakuna hata punje. Maana yake, walitaga mwisho wa Septemba. Basi serikali ikalichukua jedwali hilo, ikafunga uvuvi wa kolekole kwenye miamba kila Agosti na Septemba ili samaki wazae kwa amani, na Oktoba ikafungua.

Sheria hiyo ilidumu miaka sita. Kolekole hawakuongezeka. Walipungua. Wavuvi walikaa nyumbani miezi miwili kila mwaka wakimlaani Kalenda, na Oktoba ikifika walitoka kwa njaa ya miezi miwili, wakavua kama wenye wazimu. Mmoja wao alikuwa kaka yake, shemeji yangu nahodha, ambaye tangu sheria ilipotoka alimsalimu dada yake kwa ncha ya midomo tu. Kwenye shughuli za familia yeye alikaa upande huu na mke wangu upande ule, na mimi katikati nikipitisha sahani na ujumbe.

Mwaka ninaousimulia, sindano za Septemba zilishindwa tena. Mkurugenzi wa kituo ni mtu mpole ambaye hofu yake kubwa duniani ni barua kutoka makao makuu, na barua ilikuwa imefika. Akamwita mke wangu ofisini, akafunga mlango taratibu.

"Daktari, wenzetu wa juu wamechoka. Wamesema mwisho wa Novemba tangi lifungwe. Samaki waende sokoni, na pale nyuma tujenge ghala."

"Na utafiti?"

"Utafiti... utakuwa umekamilika."

Alikuja moja kwa moja dukani, akakaa kwenye benchi la wateja kati ya mama mmoja aliyeleta gauni na mzee aliyefuata suruali yake, akalia. Sikuwahi kumwona akililia kazi. Nilimaliza suruali ya mzee nikiwa nimeiunga mguu mmoja mfupi, na mzee wa watu aliichukua akaenda. Miaka tisa ya mke wangu ilikuwa imepewa miezi miwili, na ile miezi miwili, kwa jedwali lake mwenyewe, ilikuwa miezi ambayo kolekole hana yai hata moja.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba mama mkwe alituita wote. Alikuwa ametoka hospitali kufanyiwa upasuaji wa jicho, na mama akiita akiwa na bandeji usoni, hata walionuniana huja. Tulipofika tulimkuta shemeji nahodha jikoni, amekunja mikono ya shati, anakata vitunguu. Mezani palikuwa na beseni, na ndani ya beseni mayai ya samaki, mapande mawilimawili ya rangi ya manjano, manene kama mikono ya mtoto mchanga.

Mke wangu alisimama mlangoni.

"Kaka, haya ni nini?"

"Mayai. Hujawahi kuona mayai?"

"Ya samaki gani?"

"Kolekole."

"Ya lini?"

"Jana asubuhi. Dada, kama huyataki usile. Lakini usinihoji kama polisi."

"Haiwezekani. Kolekole wa Oktoba hana mayai."

Shemeji aliweka kisu chini, akacheka mpaka akashika meza. "Mama! Msikie mwanao! Eti hana mayai! Kuanzia sasa mpaka Desemba tunakosa hata mahali pa kuyaweka."

"Nimepasua kolekole wa Oktoba miaka tisa. Sijaona punje."

"Unapasua wa wapi?"

"Wa sokoni. Wazima."

Kicheko kikakatika. Shemeji alimtazama dada yake, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema kwa upole ambao sikuwa nimeusikia kwake kwa miaka sita.

"Dada, mwenye mayai hafiki mzima. Tumbo likijaa vile linaharibika kabla ya nyama, hata umzike kwenye barafu. Tunampasua hukohuko majini. Mayai ni haki ya mabaharia, samaki anakwenda meza ya pili sokoni, ile ya waliopasuliwa. Anayefika mzima Oktoba ni dume, au mtoto."

"Na Agosti?"

"Agosti, tulipokuwa bado tunavua, mayai yalikuwa kama unga wa semolina, tumbo jepesi. Ya nini kumpasua? Alikuja mzima."

Nilimwona akilifahamu jambo lile. Kila Jumanne ya msimu, kwa miaka tisa, alipita mbele ya meza ya pili kwenda meza ya kwanza. Mayai hayakuwa yametagwa Septemba. Yalikuwa yamekua mno kiasi kwamba samaki walioyabeba hawakuruhusiwa kufika kwake, na aliyewazuia ni ile karatasi yake ukutani. Aliketi sakafuni, katikati ya masufuria, na gauni lake la Jumapili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema shemeji. "Nilijua unajua."

Mama mkwe alikuwa amefika mlangoni, anapapasa ukuta, jicho moja limefungwa na lingine limewawakia wote wawili. "Mngekuwa mnaongea kama watoto wa tumbo moja, haya yangejulikana zamani. Haya, nani anakaanga?"

Alikaanga shemeji. Mke wangu hakula. Alikuwa anahesabu kwa vidole, na nilipoona midomo yake inasema Novemba, Novemba, nilijua kwamba sitapata usingizi mwezi huo.

"Kaka, kesho unatoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri. Kwani?"

"Nakuja."

"Utatapika."

"Nitatapika."

Alitoka naye mara tatu. Mimi sikwenda, nasimulia nilivyosimuliwa na shemeji, ambaye sasa alikuwa haishi kuja dukani. Alisema dada yake alianza kutapika kabla hawajatoka bandarini, na hakuacha mpaka waliporudi. Alikuwa na ndoo mbili, moja ya kutapikia na moja ya mayai, na mabaharia wote waliapishwa wasizichanganye. Lakini kila wavu ulipopanda alijifuta mdomo, akapiga magoti juu ya barafu, akapasua, akapima, akaandika. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na yeye aliinama kwelikweli. Katika majike hamsini na wawili waliovuliwa safari hizo tatu, arobaini na saba walikuwa wamejaa mayai. Alirudi nyumbani amepauka kama bitana, akaoga, akaenda kituoni, akaing'oa ile karatasi ukutani.

Mkurugenzi alipoelezwa, alishtuka kwanza, kisha akatoa ushauri.

"Daktari, tulinyamazie kwa sasa. Wakitaga, tutasema tumegundua jambo jipya. Wasipotaga, kuna faida gani ya kujiumbua?"

Nitakiri jambo hapa: mimi pia nilimwambia anyamaze. Niliwajua wavuvi wale. Nawashonea suruali, nasikia wanayoyasema wakidhani cherehani imenizibia masikio. Nilimwambia, ukienda mbele yao ukasema umewakosesha miezi miwili kila mwaka kwa miaka sita, watakurarua.

Aliniangalia kama alivyoniangalia siku ya mifuko saba. "Mficha uchi hazai," akasema.

Niliwafikiria wale kumi na wanane tangini, nikacheka pamoja na hasira zangu zote.

Basi manahodha wakakusanyika kwenye ukumbi wa mnada, ishirini na watatu, kila mmoja na boti yake. Nami nilisimama karibu na mlango, futi yangu ya kupimia ikiwa bado shingoni, nimesahau kuivua. Mke wangu hakupanda jukwaani. Alisimama katikati ya sakafu yenye maji, na koti lake jeupe, akawaeleza meza ya kwanza na meza ya pili. Alieleza polepole mpaka kila mtu akaelewa, na nikaona wanavyoelewa mmoja mmoja, kuanzia mbele kwenda nyuma.

Akainuka nahodha mmoja mnene waliyemwita Injini Mbili, kwa sababu boti yake ilifungwa injini mbili na sauti yake vilevile.

"Kwa hiyo miezi tuliyokaa nyumbani ilikuwa ya bure?"

"Ndiyo."

"Na miezi uliyotufungulia ndiyo ya uzazi?"

"Ndiyo."

"Kosa la nani?"

"Langu," alisema mke wangu. "Kaka yangu yuko hapa, alikuwa anajua. Nyote mlikuwa mnajua. Mimi sikuwauliza."

Ukumbi ulilipuka. Mtu alipiga meza kwa kiganja, mwingine alipiga ukelele kwamba watoto wake walikula wali mkavu kwa ajili ya jedwali. Walisema mengine ambayo mume hapaswi kuyasikia kuhusu mkewe, na nilitamani ardhi ipasuke, na papo hapo nilijivuna kiasi kwamba kifua kiliniuma. Sijui kama mtu anaweza kuona aibu na fahari kwa pamoja, lakini mimi niliviona. Alisimama tu. Walipochoka, akasema maji yakimwagika hayazoleki, na hakuja kuomba asamehewe.

"Sasa unataka tukuamini tena?" aliuliza Injini Mbili.

"Hapana. Nataka mje muone. Nina samaki kumi na wanane. Wakitaga mwezi wa Novemba, mtaona kwa macho yenu. Wasipotaga, tangi litafungwa na mimi sitakuja hapa tena kuwaambia neno."

Injini Mbili aliwageukia wenzake, kisha akamgeukia. "Tuonyeshe. Mpaka hapo, sisi tunavua."

Zilibaki wiki sita. Kumbe kosa la jedwali lilikuwa limeingia hata tangini. Kwa kuwa Oktoba ilihesabiwa kuwa mwezi wa mapumziko, kila mwaka mwezi huo chakula cha samaki kilipunguzwa nusu, maji yakateremshwa, na wafanyakazi wakaingia na brashi kusugua kuta. Wale maskini walikuwa wakisuguliwa na kunyimwa chakula kila mwaka walipokaribia kubeba mimba. Nikasema hata mimi nisingezaa, naye kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi akacheka.

Safari hii hakuna aliyesugua. Aliwalisha ngisi na dagaa wabichi asubuhi na jioni, na ngisi hao aliletewa na shemeji, ambaye kila akirudi baharini alipita kituoni na ndoo, akaiweka mlangoni na kuondoka. Siku ya tano aliingia ndani. Siku ya kumi nilimkuta amekaa ukingoni mwa tangi anamwelekeza mtaalamu namna ya kukata ngisi, na mtaalamu anamwambia anyamaze.

Kazi yangu ilikuwa wavu. Mayai ya kolekole ni madogo kuliko kichwa cha pini, huelea juu ya maji, na maji yanayotoka tangini hupita kwenye bomba. Hapo kwenye bomba palihitajika mfuko wa kuyakinga. Nilimletea kitambaa cha shela ya bibi harusi, akakiweka chini ya hadubini, akasema matundu makubwa. Nikaleta cha pazia jepesi, akasema bado. Nikaleta bitana nzuri kabisa niliyokuwa nimemwekea mteja, akapima, akasema maji hayatapita. Nimeshonea mabwana harusi na wake za mawaziri, sijawahi kuona mteja anayekagua nguo kwa hadubini. Kitambaa cha nne kilipita. Nilikishona mishono miwilimiwili, na mteja wa bitana nikampa hadithi.

Tarehe kumi na nane Novemba alitia mrija mwembamba tumboni mwa jike mmoja, akavuta tone, akalitazama. Alinipigia simu dukani kuniambia neno moja: "Yapo." Tarehe ishirini na sita aliwachoma sindano majike sita. Tarehe ishirini na saba asubuhi, mfuko wangu ulikuwa na majani mawili na mdudu.

Siku hiyo hakula. Mkurugenzi alipita akasema gari la kuwachukua samaki limeshapangwa, tarehe thelathini saa nne, akasema kwa huruma, nami nilitaka kumpiga na mkasi.

Tarehe ishirini na nane nilikwenda naye, maana sikuweza kukaa dukani. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi, jua linachungulia chini ya turubai. Samaki walikuwa wanazunguka kimya upande mmoja wa tangi. Nilitangulia kwenye bomba, yeye akasimama kuwatazama. Nilitazama mfukoni, nikaona kitu kama povu, nikamwambia kwa masikitiko, "Ni povu tu."

Alichota kwa kikombe cha kioo. Akakiinua kwenye mwanga.

Hakikuwa povu. Kikombe kilijaa vitone vidogo vinavyong'aa, maelfu kwa maelfu, vimeelea juu vikigusana, kila kimoja kizima. Alikimbilia maabara bila kumwaga tone, akakiweka chini ya hadubini, akazungusha lenzi kidogo kidogo. Kisha akapiga kelele ambayo walinzi wa bandari waliisikia.

"Yamerutubishwa! Yanagawanyika! Njoo, njoo uone, yanagawanyika!"

Nilitazama. Ndani ya kila tone palikuwa na viduara vinne, vimekumbatiana. Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na harusini nilifurahi sana. Tuliruka pale katikati ya meza za vigae kama watu waliopungukiwa akili, na Mkurugenzi alipofika, na viatu vya kuogea miguuni, tulimkumbatia naye. Walikadiria mayai laki tatu. Mkurugenzi aliomba simu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliwapigia makao makuu kabla hawajampigia. Nilimsikia akisema, "Hapana, bwana, gari halihitajiki. Nasema halihitajiki!"

Kesho yake yalianguliwa. Manahodha waliitwa, wakaja wote ishirini na watatu, wakapanga foleni nje ya maabara na harufu zao za dizeli. Injini Mbili alikuwa wa kwanza. Alivua kofia, akainama kwenye hadubini, akakaa hapo mpaka wa nyuma wakaanza kumsukuma.

"Vinatikisika," alisema kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kwamba anayo. "Vina macho."

Walitazama mmoja mmoja. Vifaranga vilikuwa vipande vya uzi, kila kipande na macho mawili na kifuko cha chakula chini ya tumbo. Wengine walitazama mara mbili. Shemeji alitazama wa mwisho, akanyanyuka, akajifuta paji la uso.

"Beseni moja lina wangapi?" aliuliza.

"Mayai ya beseni la mama?" alisema mke wangu. "Milioni kadhaa."

Shemeji alimshika dada yake begani, akatoka nje. Wenzake walimfuata. Mke wangu aliwaeleza mlangoni kwamba sheria haijabadilika, kwamba kamati ya uvuvi itakaa Januari, kwamba yeye atapeleka jedwali jipya na jina lake chini ya kosa la zamani, na kwamba mpaka hapo uvuvi uko wazi na hawezi kumzuia mtu. Walisema wamesikia. Wakaenda.

Usiku huo alilala kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu. Asubuhi ya tarehe thelathini nilimwacha usingizini, nikapita bandarini nikielekea dukani. Ilikuwa saa mbili. Saa hizo Novemba bandari huwa tupu, boti zote ziko kwenye miamba. Nilisimama. Nilizihesabu mara moja, nikazihesabu tena, kwa sababu mimi ni fundi na hupima mara mbili. Boti ishirini na tatu zilikuwa zimefungwa gatini, ubavu kwa ubavu, na nyavu za kolekole zimekunjwa juu ya sitaha. Injini Mbili alikuwa amekaa juu ya pipa anakunywa chai.

"Nahodha, leo hamtoki?"

"Kesho kutwa tutakwenda nje mbali, kwenye jodari. Kule miambani hatushushi nyavu mpaka Januari."

"Nani amewakataza?"

"Hakuna aliyetukataza." Alipuliza chai yake. "Wanazaa, fundi. Mkeo hajakwambia?"

Nikageuza njia. Mimi si mtu wa kukimbia, lakini nilikimbia mpaka nyumbani, nikaingia chumbani na viatu, nikamtikisa bega.

"Amka," nikamwambia. "Amka, mama, twende ukaione bandari."